Posta Haikuuawa na Imeli, Ilinyimwa Urithi

Wasee, kila nikitaja Posta mtu huniuliza, "Kwani bado iko?" Iko. Ina wafanyakazi, ina majengo katikati ya karibu kila mji wa Kenya, na ina madeni hadi shingoni. Wafanyakazi wake wameandamana wakidai mishahara ya miezi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ameonya tena na tena kwamba shirika linadaiwa kuliko linavyoweza kulipa. Na kila mtu ana jibu lile lile mdomoni: imeli na WhatsApp ziliimaliza, hayo ndiyo maendeleo, tusonge mbele.

Hiyo hadithi hainiingii. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usitarajie nikuletee maneno ya maprofesa. Lakini kuna kitu hata kule kijijini kila mtu anajua: ukitaka kujua kwa nini ndugu mmoja ni tajiri na mwingine anaombaomba, uliza kwanza mali ya mama yao iligawanywa vipi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1890 Imperial British East Africa Company, ile kampuni iliyoshika nchi kabla serikali ya Uingereza haijaichukua yenyewe, ilichukua stempu za Uingereza, ikazipiga chapa ya jina lake na kuanza kuzitumia huku. Reli ikaanza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na barua zikapanda treni. Mwaka 1910 Posta ikaongezewa benki ya akiba. Kwa hivyo kaunta moja ilikuwa inafanya mambo mengi: unatuma barua, unapiga telegramu, unaweka akiba, unatuma pesa kwa manioda.

Baadaye Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa na posta moja. Kutoka 1935 kuna stempu zenye majina ya nchi zote tatu. Hilo shirika la pamoja liliendelea hata baada ya uhuru, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Hapo ndipo sisi tukapata letu, Shirika la Posta na Simu la Kenya, ambalo wazee wanaliita KPTC.

Sasa sikiza vizuri, kwa sababu jina lenyewe lina siri yote. Posta NA simu.

Chukulia una matatu mbili. Moja inapiga Thika Road na inajaa kila saa. Nyingine inaenda kijijini kwenu na watu watano na kuku wawili. Ya Thika Road ndiyo inayolipia mafuta ya ile ya kijijini, na mwisho wa mwezi unabaki na kitu. KPTC ilikuwa hivyo. Simu zilikuwa na pesa, barua hazikuwa nazo. Barua ya kwenda Lodwar haijawahi kulipa gharama ya kufika Lodwar, na hakuna aliyetarajia ilipe. Simu za Nairobi zilikuwa zinaibeba.

Sisemi KPTC ilikuwa malaika. Watu walingoja laini ya simu ya nyumbani kwa miaka, na ukitaka ije haraka ilibidi umjue mtu. Ilihitaji kurekebishwa, hilo sibishani. Lakini angalia ilirekebishwa vipi.

Kwanza, benki ya akiba ilitolewa. Mwaka 1978 Postbank ikawa taasisi yake yenyewe, kwa sheria yake yenyewe. Kaunta ilibaki ya Posta, lakini akiba za watu zikawa za nyumba nyingine.

Pili, 1999. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka mmoja kabla, na KPTC ikakatwa vipande vitatu. Simu zikaenda Telkom Kenya. Kazi ya kusimamia sekta ikaenda kwa tume ya mawasiliano. Na barua zikaenda kwa Shirika la Posta, lile tulilo nalo leo. Rudi kwenye mfano wetu: mtoto mmoja alipewa matatu ya Thika Road, mwingine akapewa ya kijijini, halafu huyu wa pili akaambiwa ni marufuku kuacha hiyo njia.

Tatu, na hii ndiyo hunitoa jasho. Ile kampuni ya simu za mkononi unayoijua, Safaricom, ilianza 1993 kama idara ndani ya KPTC. Ndiyo, mle mle ndani ya Posta na Simu. Ikasajiliwa kama kampuni 1997. Mama alipogawanya mali, hisa za Safaricom zilimfuata Telkom, si Posta. Vodafone ikaingia mwaka 2000 na asilimia 40. Mwaka 2007 serikali ikauzia France Telecom asilimia 51 ya Telkom, na hisa za Safaricom zikahamishiwa Hazina Kuu. Mwaka uliofuata serikali ikauzia wananchi asilimia 25 ya Safaricom, shilingi 5 kila hisa, na ikakusanya kama bilioni 50. Wazazi wetu walipanga foleni kununua hizo hisa. Hebu niambie, Posta iko wapi katika hiyo hesabu?

Na mwaka ule ule wa 2007, mwezi wa Machi, M-Pesa ikazinduliwa. Unajua M-Pesa ilichukua kazi ya nani? Kabla yake, baba akiwa Nairobi na familia ikiwa Siaya, njia zilikuwa chache: umpe dereva wa basi bahasha na uombe Mungu, au uende Posta ununue manioda. Manioda ilikuwa mkate wa Posta. M-Pesa ikaingia na kufanya kazi hiyo kwa sekunde, kwa simu ya mulika mwizi. Ni kitu kizuri, siwezi kukisema vibaya, hata mimi naishi nayo. Lakini tuseme ukweli: aliyeinyang'anya Posta mkate hakutoka mbali. Walizaliwa nyumba moja.

Najua mtu atasema, "Lakini barua zenyewe zimekwisha dunia nzima." Kweli kabisa. Barua yangu ya kujiunga na chuo niliipakua kwenye simu na kuichapisha saiba. Hata Denmark, nchi yenye pesa kuliko sisi mara nyingi, shirika lao la posta lilitangaza 2025 kwamba litaacha kusambaza barua mwisho wa mwaka huo, baada ya miaka 400 ya kazi hiyo, kwa sababu barua zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 90 tangu 2000. Kwa hivyo hata Posta ingebaki na kila kitu, upande wa barua ungekonda tu.

Na pia kuna usimamizi mbaya. Shirika la umma Kenya likianza kuyumba, kila anayepita humega kipande. Hayo hayatokani na mgawanyo wa 1999, na siwezi kumtetea mtu.

Ila angalia tofauti. Denmark waliamua. Walisema hadharani kazi ya barua imeisha, wakabaki na vifurushi. Sisi hatujaamua. Sheria bado inaiambia Posta ihudumie kila kona ya nchi, pale hakuna faida na pale hakuna barabara. Wakati huo huo inaambiwa ijitegemee kama kampuni yoyote. Mabasi na kampuni za vifurushi zinachukua njia zenye pesa, Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret, na hakuna anayezilazimisha kwenda kwingine. Na ukienda kuchukua kitambulisho Huduma Centre, mara nyingi utajikuta umeingia jengo la Posta, kama GPO Nairobi ambako ile ya kwanza ilifunguliwa 2013. Serikali imekaa sebuleni. Je, kodi inalipwa?

Anayelipia haya yote si "shirika". Ni yule mama wa kaunta aliyefanya kazi miezi bila mshahara na bado anafungua dirisha saa mbili asubuhi. Ni mzee aliyestaafu baada ya miaka 30 ya kupanga barua na sasa anazungushwa kuhusu pesa zake. Hawa si takwimu, ni wazazi wa marafiki zetu.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, wafanyakazi na wastaafu walipwe kabla ya mpango wowote wenye jina tamu. Pili, serikali ichague: kama inataka Posta ifike Lodwar na Mandera, ilipie hiyo huduma, la sivyo iiondolee huo mzigo. Tatu, tuyachunge yale majengo. Viwanja vya Posta viko pale pale ambapo kila mwekezaji anapatamani, na shirika lenye njaa huuza mali kwa bei ya njaa. Nne, kuna kazi inayongoja. Leo ukiagiza kitu mtandaoni, mwendesha boda anakupigia simu mara tano: "Uko wapi? Karibu na kanisa gani? Duka la rangi gani?" Nchi hii inanunua kwa simu lakini nyumba zetu hazina anwani. Kama kuna mtu anapaswa kutupa anwani, ni yule ambaye amekuwa akipanga masanduku zaidi ya miaka 100.

Mkisema Posta imekufa kwa sababu imezeeka, mnawasamehe watu wengi sana. Kwanza waulizeni walioshika wembe 1999.