Bomu Halikutuletea Maji

Wasee, kila wiki lazima mtu aniulize: "Buda, zile chemchemi za maji moto za Isiolo ziko wapi?" Sawa, leo tumalize haya maneno.

Kwanza, maji si moto. Ukitaka maji ya kuchemsha mayai, enda Bogoria. Ya kwetu, pale Buffalo Springs, ni baridi, tena ni safi mpaka unaona changarawe chini. Ukitoka Isiolo mjini unashika barabara ya Moyale, na kabla hujafika Archer's Post unakata kushoto kuingia hifadhini. Nje kuna jua la kufanya hata mbuzi atafute kivuli, halafu katikati ya hiyo nchi kavu maji yanabubujika tu yenyewe na kuteremka kuelekea mto Ewaso Nyiro.

Pili, ile story. Pale kuna kidimbwi kimezungushiwa ukuta wa mawe, na wageni huogelea humo. Yeyote atakayekupeleka atakuambia hivi: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege ya Waitaliano ilikuja kupiga mji wa Isiolo, rubani akakosea, akaangusha bomu hapa porini. Shimo likajaa maji. Watu wanacheka, wanapiga picha, wanaruka ndani.

Mimi pia niliifanyia video, miezi michache baada ya kuacha chuo. Ndiyo video yangu ya kwanza kutazamwa na watu wengi.

Na si ati vita havikufika huku. Italia iliingia vitani Juni 1940, na Julai ikateka Moyale. Wajir ilipigwa mabomu kutoka angani. Mwanzoni mwa 1941, askari wa KAR pamoja na Wanigeria, watu wa Gold Coast (Ghana ya leo) na Waafrika Kusini walivuka kutoka Kenya kwenda kupigana na Waitaliano, na Aprili 6 mwaka huo Addis Ababa ikaangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza. Kaskazini yetu ilikuwa uwanja wa vita. Hiyo ni historia, na wengi wetu hatukufunzwa vizuri shuleni.

Lakini nilipomwonyesha akko, yaani nyanya yangu, ile video, aliitazama mara mbili. Kisha akarudisha simu na kuniuliza, "Kwa hivyo kabla ya huyo Mtaliano, ng'ombe wetu walikuwa wanakunywa nini?"

Manze, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeanzisha historia ya maji yetu mwaka wa 1940, na mtu wa kwanza ndani yake ni rubani aliyepotea njia.

Akko alinipa somo la jioni nzima. Kwa Waborana maji yana sheria. Kisima kilichochimbwa kina wenyewe, na kina aba herega, yule mzee anayepanga zamu: leo anywe nani, kesho nani, nani asubiri kwa sababu alichelewa kufanya kazi ya kutoa tope. Hata ng'ombe wa tajiri wanapanga foleni. Na hapa kwetu si Waborana peke yao. Wasamburu, Waturkana, Wasomali, wote wana njia zao za kuleta mifugo kwenye maji ya Ewaso, miaka mingine kwa amani, mingine kwa mikuki.

Hata wazungu walipokuja walikuta hivyo. Mmarekani William Astor Chanler na mwenzake Ludwig von Höhnel walifuata Ewaso Nyiro katika safari yao ya 1892 hadi 1894, wakiwa na wapagazi kutoka pwani, wakitafuta ziwa kubwa la Lorian. Walichokuta ni kinamasi. Leo maporomoko ya mto huo yanaitwa Chanler's Falls. Archer's Post nayo inabeba jina la Geoffrey Archer, ofisa wa Mwingereza. Hebu hesabu: bomu la Mtaliano, maporomoko ya Mmarekani, mji wa Mwingereza. Aba herega hana hata kibao cha mbao.

Mwaka 1948 eneo hili likatengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mipaka ya sasa ya Buffalo Springs ni ya 1985. Katikati hapo kulikuwa na vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu wa Isiolo wakakusanywa kwenye vijiji vya kulindwa na mifugo ikaisha. Jamii inayozuiwa kuhama na mifugo inapoteza ng'ombe, halafu polepole inasahau na zile zamu za maji.

Sasa mtu ataniambia, "Lakini hizo ni hadithi za wazee, hakuna magofu ya kuonyesha." Nikiwa chuo, kabla karo haijanishinda, darasa letu la historia lilipelekwa Gedi, kule karibu na Watamu. Hayo ndiyo magofu: msikiti, jumba la mfalme, nyumba za mawe ya matumbawe. James Kirkman alianza kuyachimbua 1948, mwaka uleule wa hifadhi yetu. Kilichonikaa akilini ni kisima kirefu kando ya msikiti. Kilichimbwa, kisha kikachimbwa tena zaidi, kwa sababu maji yalikuwa yanashuka. Sababu mojawapo inayotajwa ya watu kuuhama ule mji katika karne ya 17 ni hiyo: maji.

Nilisimama pale nikaona mawe mazuri tu. Ni baada ya swali la akko ndipo nikaelewa kisima.

Kwa sababu Ewaso Nyiro nayo inashuka. Miaka ya ukame unaweza kuvuka kwa miguu pale ambapo palikuwa na mamba, unakanyaga mchanga mtupu. Huko juu, Laikipia na miteremko ya Mlima Kenya, kila shamba lina bomba lake mtoni. Sisi wa chini tunapokea kilichobaki. Tukiendelea kusema maji yetu yaliletwa na bomu, ajali tu, basi siku yakikauka tutasema hiyo pia ni ajali. Lakini tukijua yalikuwa na zamu na wasimamizi, tutauliza: zamu ya huko juu imepangwa na nani, na yetu ni lini?

Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake swali la akko. Ukienda Buffalo Springs, ogelea, piga picha, furahia. Lakini kwanza tafuta mzee mmoja wa Ngare Mara au Archer's Post, umuulize nani alikunywa hapa kabla ya 1940. Mrekodi kama atakuruhusu. Akko wangu ana miaka themanini na kitu, na hakuna mahali popote ameandikwa.