Takrima au Rushwa? Hukumu ya Kuwahadaa Wapiga Kura kwa Jina Zuri



Familia nyingi za Unguja, Pemba na Mafia zina watoto na ndugu wanaoishi Temeke na Kinondoni, katika mitaa kama Mbagala, Tandika, Magomeni na Mwananyamala. Msimu wa kampeni ukifika, wapo wanaobishiwa hodi na kupewa kanga, sukari, unga au pesa ya nauli, kisha mletaji akasema: "Hii si rushwa, ni takrima tu." Makala hii inaeleza neno hilo lilivyotumika kuwapotosha watu, na Muislamu afanye nini.

Takrima katika sheria za nchi

Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa. Kikaongezwa kifungu kilichosema kwamba ukarimu wa kawaida au wa kimila, ukifanywa kwa nia njema, hautahesabiwa kuwa rushwa. Wananchi wakauita ukarimu huo takrima.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na taasisi nyengine mbili walikipinga kifungu hicho mahakamani. Mwezi Aprili 2006, Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam iliamua kuwa kinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa kinambagua mgombea maskini mbele ya tajiri na kinaharibu uhuru wa mpiga kura. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayokataza zawadi za kuwashawishi wapiga kura. Kifungu kiliondoka, lakini neno limebaki midomoni.

Kubadilisha jina hakubadilishi hukumu

Takrima ni neno la Kiarabu, maana yake ni kumheshimu na kumkirimu mtu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amefundisha kuwa anayemuamini Allaah na Siku ya Mwisho amkirimu mgeni wake. Basi anayeipa rushwa jina hili anaivisha haramu vazi la ibada, na huo peke yake ni udanganyifu.

Kipimo tunakipata katika kisa cha Ibn al-Lutbiyyah, kilichopokewa na al-Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akitenganisha fungu la Waislamu na fungu alilosema amepewa yeye zawadi. Mtume akakasirika, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Nasi tujiulize: lau si kura yetu, sukari hii ingetufikia? Kama jibu ni hapana, hiyo ni rushwa, na Mtume amemlaani mtoaji na mpokeaji, kama ilivyo katika hadithi waliyoipokea Abu Daawuud na at-Tirmidhiy.

Hoja mbili za wapiga debe

Ya kwanza: "Sikusema uongo, nimetumia tu maneno yenye maana mbili." Mfano ni mtu kusema "kisima kile kilifunguliwa mbele yangu" ili watu wadhani ndiye aliyekichimba. Hii ndiyo tawriya. Imamu an-Nawawi ameeleza kuwa tawriya inaruhusiwa kwa maslahi au haja ya kisheria, na ni haramu inapotumika kufikia batili au kuzuia haki. Kupata uongozi kwa kuwapotosha watu kunaingia katika sehemu hiyo ya pili.

Ya pili: "Siasa ni vita, na vita ni hila." Ruhusa ya hila ni dhidi ya adui katika mapigano. Mpiga kura ni jirani yako, na unamuomba akukabidhi amana. Vipi umfanye adui?

Wajibu wa familia

1. Usipokee. Ukiwa umeshapokea, rudisha. Ukishindwa kumpata mwenyewe, muulize sheikh wako.

2. Ahadi ya kumpa mtu kura kwa sababu ya rushwa haikufungi. Ikiwa umeapishwa, fanya lililo bora na utoe kafara ya kiapo: kulisha au kuwavisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu (al-Maaidah: 89).

3. Chagua kwa uadilifu. Wanazuoni kadhaa wa zama hizi wanaihesabu kura kuwa ushahidi, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa.

4. Usisambaze sauti wala picha ya kampeni iliyotumwa kutoka bara kabla ya kuihakikisha. Allaah Ametuamrisha kuchunguza habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga (al-Hujuraat: 6). Hukumu hii ni moja kwa chama unachokipenda na usichokipenda.

5. Wazazi wazungumze na watoto walioko Dar es Salaam kwa upole. Kijana asiye na kazi akipewa fulana na elfu chache, hana budi kusikia kutoka kwa mama yake kwamba njaa yake inajulikana, na kwamba nyumbani hawataki kulishwa kwa pesa hiyo.

Tunamuomba Allaah Atupe viongozi wakweli na Atujaalie nasi tuwe wakweli.

Na Allaah Anajua zaidi.