Jaribio la Wanasesere
Utafiti wa wanasaikolojia wa Marekani Kenneth na Mamie Clark, uliochapishwa mwaka 1947. Watoto Weusi 253, wa miaka 3 hadi 7, waliwekewa wanasesere waliotofautiana kwa rangi ya ngozi na nywele tu. Wengi walisema mzuri ni yule mweupe. Kazi ya Kenneth Clark ilitajwa katika tanbihi ya 11 ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1954 katika kesi ya Brown, iliyoharamisha utengano wa rangi katika shule za umma. Wakosoaji wakauliza: mbona watoto wa Massachusetts, waliosoma shule za mchanganyiko, walimpendelea mweupe kuwapita wale wa Arkansas, waliosoma shule za utengano? Swali ni la haki, ila haliwaokoi watetezi wa utengano: linaonyesha kwamba dharau ilimfikia mtoto hata nje ya darasa, na amri ya mahakama kuhusu shule isingeweza kuifuata huko.