Kwale wa Udzungwa

Kwale wa Udzungwa (Xenoperdix udzungwensis) ni ndege wa msituni anayepatikana Tanzania tu, hasa katika misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu, upande wa Kilolo mkoani Iringa. Huishi kwenye mwinuko wa mita 1,300 hadi 2,400 hivi, penye baridi na ukungu, ambako majani ya miti mikubwa hurundikana chini mwaka mzima.

Wanasayansi walimjulia jikoni. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini msituni, waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Walimtafuta hadi wakampata akiwa hai, na mwaka 1994 Lars Dinesen na wenzake wakachapisha maelezo yake. Kwa kuwa hakufanana na kwale wengine wa Afrika, aliundiwa jenasi yake mwenyewe, Xenoperdix, yaani kwale mgeni. Jamaa zake wa karibu wako katika misitu ya milima ya Asia. Ugeni huo, hata hivyo, ni wa vitabuni. Aliyemnasa kwa ajili ya kitoweo hakuhitaji kuelekezwa anakopita, na ni haki kusema kwamba wategaji ndio waliotangulia kumjua.

Ana mdomo mwekundu, uso wa rangi ya kutu, kifua cha kijivu chenye madoa meusi na miguu ya njano. Kuruka anaweza, lakini mchana kutwa hutembea. Kundi dogo hupita pamoja likipekua majani makavu, likiokota wadudu na mbegu. Giza likiingia hupanda mtini kulala.

Mwendo huo wa chini ndio unaomponza, kwa sababu kitanzi kilichotegwa njiani hunasa chochote kinachopita. Tangu 2007 sehemu kubwa ya makazi yake imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero, anakoishi pia nyani adimu aitwaye kipunji. Bado anahesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.

Katika milima ya Rubeho yuko kwale wa pili wa jenasi hii, ambaye mwaka 2005 alipendekezwa kuwa spishi kamili. Kati yao limelala bonde la Ruaha Mkuu, kavu, lisilo na msitu wa ukungu wa kuwapitisha.