Dadu za Pande Nyingi

Dadu hizi 5, zenye pande 4, 6, 8, 12 na 20, ambazo maumbo yake wanahandasa wa Uyunani waliyajua tangu zama za Plato, ndizo zilizoutia uhai mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Kwa kila sifa ya mhusika aliyeigizwa na mchezaji, yaani nguvu, akili, hekima, siha, wepesi na haiba, zilirushwa dadu 3 za pande 6, na jumla yake, isiyopungua 3 wala kuzidi 18, ikawa ndiyo majaaliwa yake; ama jina, tabia na ushujaa, mambo yaliyo bora zaidi, mchezaji aliyabuni mwenyewe. Dadu ya pande 20 ya wakati ule iliandikwa tarakimu 0 hadi 9 mara mbili.