Kwale Shingo-Njano wa Nyanda za Ruiru na Thika

Kwale shingo-njano ni ndege wa nyika na mbuga kavu, kuanzia Eritrea na Somalia hadi kaskazini mwa Tanzania. Wanasayansi, waliomwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1867, humwita Pternistis leucoscepus. Nyanda za Ruiru, Juja na Thika zimo katika makao yake ya asili.

Urefu wake ni kama sentimita 35. Mgongo ni wa kahawia na kifua kina michirizi myeupe, rangi zinazomficha vizuri kwenye majani makavu. Kinachomtambulisha ni koo lisilo na manyoya, lenye ngozi ya njano iliyokolea, pamoja na ngozi nyekundu kuzunguka macho. Jike na dume hufanana, ila dume ana kipi nyuma ya mguu kama jogoo, na hukitumia kupigana na madume wenzake.

Hupenda nyasi fupi zilizo karibu na vichaka, apate kula mahali peupe na kujificha upesi. Akishtuliwa hukimbia kwanza. Kuruka ni jambo la mwisho. Alfajiri na jioni dume hupanda juu ya kichuguu au nguzo ya ua na kutoa mlio mkali wa kukwaruza unaosikika mbali. Hula mbegu, wadudu na mchwa, na kwa mdomo na miguu hufukua vinundu vya magugu kama ndago. Jike hutaga chini, katika kishimo kidogo kilichofichwa na majani, mayai 3 hadi 8. Vifaranga huanza kumfuata mama muda mfupi baada ya kuanguliwa, lakini nguchiro, mwewe na paka hula wengi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 eneo hili lilikuwa bado mbuga ya punda milia na kongoni. Mei 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, aliwinda katika shamba la Northrup McMillan huko Juja. Katika msafara wake alikuwemo Edgar Mearns, daktari wa jeshi aliyekusanya ndege kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mkonge na kahawa vikatanda. Wanyama wakubwa wakatoweka. Kwale alibaki, kwa sababu mashamba yale yalimwachia kingo zenye nyasi, udongo laini wa kufukua na vichaka vya kulala.

Bunduki nayo ilinyamazishwa hatua kwa hatua: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 inakataza uwindaji wa kujifurahisha. Mitego ya kamba ingali inategwa vichakani.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi leo ni ujenzi. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa yamegeuzwa kuwa viwanja vya nyumba. Kwale aliweza kuishi pembeni mwa kahawa, lakini hawezi kutaga kwenye saruji. Duniani spishi hii haijahesabiwa kuwa hatarini. Kati ya Ruiru na Thika, uhai wake unategemea wenye mashamba na wapimaji wa viwanja kubakiza nyasi na vichaka kando ya mito.