Mpito wa halijoto

Mpiga mbizi (sisemi mzamiaji, maana siku hizi huyo ni mtu aliyejificha melini) akishuka na mtungi wa hewa mgongoni hukuta maji yamepangika matabaka. Katika ziwa la Ulaya wakati wa kiangazi, mita chache tu chini ya maji vuguvugu, baridi humvaa usoni ghafla na vidole vikaanza kufa ganzi. Tabaka hilo, ambamo halijoto hushuka haraka kuliko juu yake na chini yake, wanasayansi huliita termoklini. Mimi nataka liitwe mpito wa halijoto, na ushahidi wangu nauchota Ziwa Tanganyika. Anayependekeza "mpaka wa baridi" ameisikiliza ngozi ya mpiga mbizi wa Ulaya. Tanganyika maji ya juu huwa na nyuzijoto 25 hadi 27 hivi, na kilindini, karibu mita 1,470, bado yamezidi 23. Tofauti hiyo haimtetemeshi mtu, lakini inatosha kuyatenga maji, kwa sababu yaliyo vuguvugu ni mepesi, huelea juu ya mazito yasichanganyike nayo. Oksijeni haishuki, hivyo chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na 200 kusini, samaki hawaishi. Neno "mpaka" nalo huleta picha ya mstari uliotulia, ilhali tabaka hili lina unene na huinama. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Huko tabaka huzama, na kusini hupanda pamoja na virutubisho vya kilindini.

Mtu atauliza neno hili ni la nini Kasulu na Kibondo, milimani, ambako hakuna apigaye mbizi. Ni la dagaa. Wale wakavu wanaong'aa kama fedha, wanaopimwa kwa kopo sokoni, walikula viumbe vidogo vinavyostawi kwa virutubisho vilivyoinuliwa na upepo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kadiri ziwa linavyopata joto, maji yake huchanganyika kwa shida zaidi na chakula cha samaki hupungua. Mwalimu wa Kibondo akilieleza hilo kwa "termoklini", mwanafunzi atalikariri na kulisahau. Akisikia "mpito", tayari anajua kipindi cha mpito ni nini. Kwamba maneno matatu ni marefu si hoja: shinikizo la damu nalo ni maneno matatu na kila zahanati huyatamka. Wala "mpito wa joto" halitoshi, kwani asubuhi ya Julai huko milimani, watu wakiwa wamejifunika mablanketi, hakuna asemaye kuna joto, ilhali halijoto ipo na inapimika. Termoklini nalikubali kwenye faharasa ya kitabu cha wataalamu, mradi neno letu liwe limeandikwa kwanza darasani.